Siku Mama Alipopanda Jukwaani

Sketi zile nilizishona mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipandisha kichwa, na kichwa changu kikishapanda kukishusha ni kazi. Sketi kumi na mbili za neti nyeupe, tabaka nne kila moja, ukiiweka mezani inasimama yenyewe. Nilizishonea kwenye fremu yangu karibu na stendi ya Same, wiki tatu nzima, mlango nimefunga ili upepo usinimwagie vumbi juu ya kitambaa cheupe. Jasho lilinitoka la haja.

Zilikuwa za baleti. Naam, baleti, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole, Same hii hii ya jua na mkonge. Alikuja mama mmoja kutoka Dar, mumewe kahamishiwa hapa kikazi, akaona kukaa bure kunamchosha, akaomba ukumbi wa kanisa la usharika wetu kila Jumamosi mchana awafundishe watoto wa kike. Wanangu wawili wakaniganda kama kupe: mama tunataka, mama tunataka. Mkubwa alikuwa kidato cha kwanza, mtoto wa maneno machache. Mdogo alikuwa darasa la nne na maneno yake hayana breki. Nilicheka sana siku waliponionyesha walichojifunza. Nikawauliza, "Mnasimama kwa vidole, kwani kuna nini mnachungulia?"

Lakini mtoto akikazana na jambo mzazi naye anakazana. Nikaanza kwenda kuwatazama. Yule mkubwa, ambaye nyumbani ukimtuma chumvi anakwenda kwa kujivuta, pale ukumbini alikuwa mtu mwingine. Anasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameunyoosha nyuma, mikono juu, shingo imenyooka, na hatikisiki. Mwalimu akaniambia atampa nafasi ya kucheza peke yake siku ya maonyesho. Akaniomba nishone nguo. Basi, hapo nikajiona nami ni mtu.

Wiki moja kabla ya maonyesho mwalimu alituita wazazi. Akatuambia kwa upole kwamba hii si harusi wala mahafali. Vigelegele hapana, kupanda jukwaani kumtuza mtoto hapana, makofi yasubiri mpaka mwisho. Watu wakatazamana. Jamani, mtoto wako anacheza na wewe umekaa mikono mapajani kama uko kwenye usaili! Baba mmoja alinung'unika waziwazi. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa kukubali kuliko wote, tena nikawageukia wenzangu nikawaambia, "Tujifunze ustaarabu basi." Nikikumbuka sauti niliyoitumia natamani kujizaba kibao.

Nilijua fika nilikuwa namfikiria nani. Nilikuwa namfikiria mama yangu.

Mama anaishi kijijini kwetu, juu ya Suji, kwenye nyumba ile ile aliyotuzalia. Na nyumbani kwetu mtoto akiinuka mbele ya watu hasubiriwi amalize. Anafungwa kanga kiunoni angali anacheza, na anayemfunga ni mkubwa wa nyumba, huku akitaja kwa sauti jina la aliyemzaa, na la aliyemzaa huyo, mpaka pumzi zimwishie. Maana yake ni kwamba huyu ana kwao. Mtoto aliyecheza mpaka mwisho bila kufungwa, watu wanaulizana wenyewe wako wapi. Mwanangu mkubwa alipomaliza darasa la saba mama alishuka akamfunga mbele ya mwalimu mkuu, vigelegele mpaka bati likaitikia, na mimi nikacheza nyuma yake bila aibu yoyote. Kwa hiyo msinione kwamba sikuijua mila. Niliijua, niliipenda, ila siku hiyo sikuitaka.

Nikawaambia wanangu bibi asiambiwe. Nikawapa sababu ya uongo, kwamba magoti yanamsumbua na safari ni ndefu. Mkubwa alinitazama, akaingia chumbani. Mdogo akasema, "Sawa mama," na jioni hiyo hiyo akachukua simu yangu akampigia bibi yake akamweleza siku, saa na rangi ya sketi.

Siku ikafika, Jumamosi. Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mkubwa wa ofisi, miwani ya dhahabu, manukato yanamtangulia. Kabla ya kukaa alishika sketi moja kwa vidole viwili akauliza nani kashona. Mwalimu akanisogeza mbele. Yule mama akasema hakujua kwamba Same kuna fundi wa namna hii, akaagiza niletewe kiti karibu naye, mstari wa kwanza. Nikakaa nimekunja miguu, gauni langu jipya, natabasamu upande mmoja. Baba wa wanangu alikuwa Tunduma na lori lake, na moyoni nilisema afadhali, maana angekuja na zile ndala zake.

Muziki ukaanza. Wadogo waliingia wakiwa maua, binti yangu mdogo akiwa wa tatu kutoka mwisho, anahesabu hatua kwa midomo. Kisha wakakaa pembeni, na mkubwa akaja katikati peke yake. Ukumbi ulinyamaza kweli, nasikia hata feni. Akainuka kwa vidole, akaunyoosha mguu nyuma, akapandisha mikono. Machozi yalinijia. Nikasema Mungu wangu, mtoto huyu nimemzaa mimi.

Hapo ndipo kigelegele kilipolia nyuma.

Sikuhitaji kugeuka. Kuna vigelegele vya watu na kuna cha mama yangu. Alikuwa amechelewa. Kijijini kwetu Wasabato ndio wengi, sisi Walutheri ni wachache, na Jumamosi wao wako ibadani, hivyo gari la kushuka ni la bahati. Bahati hakuipata. Mwanamke wa umri ule alishuka mlima kwa miguu mpaka Makanya, na huko ndiko alikopata gari la kumleta mjini. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona wakati ule ni mama amekunjua kanga mpya mikononi, anakuja kwa mwendo wa kucheza katikati ya viti, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini, kandambili zinapiga sakafu, viatu vyake vya kanisani viko ndani ya mfuko wa plastiki unaoning'inia mkononi. Watu wakaanza kucheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kushtuka, lakini kwangu kilikuwa kibaya.

Akapanda jukwaani. Mkubwa hakuushusha mguu. Alibaki vile vile, mikono juu, na mama akampitishia kanga kiunoni taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika maziwa yasimwagike. Huku anafunga anataja. Kwa Chasu, Kipare chetu, kwa sauti kubwa, akaanza na jina langu. Si hili linalojulikana mjini, ambako mimi ni fundi au mama fulani. Alitaja jina langu la utotoni, lile aliloniitia nikiwa mgongoni kwake, kisha la kwake, kisha la mama yake.

Mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni akaja mbio. Akasimama chini ya jukwaa, akageukia watu, akauliza, "Jamani, mwenye mama huyu ni nani? Aje amchukue."

Na mgeni rasmi akainama upande wangu, manukato yote yale, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu bibi ni wa nani?"

Nikasema, "Simjui."

Laiti ningeishia hapo. Lakini mimi nikifungua mdomo sijui kuufunga. Nikaongeza, "Watakuwa wale wa milimani, wanashuka siku za gulio." Halafu nikainama nikaanza kutoa uzi kwenye pindo la gauni langu. Uzi wenyewe haukuwepo.

Binti yangu mdogo alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa na maua wenzake, hatua tatu kutoka kwangu. Akasimama. Sauti yake ni ya bibi yake, inafika mbali. "Si ni bibi! Mama, si ni bibi yetu?" Hakuwa anamsuta mtu. Alidhani kweli sijamwona. Akakimbia na sketi yake akamshika bibi mkono, na kwa kuwa kila mtu mle ndani alimjua yule mtoto kuwa ni wangu, kila mtu akanitazama mimi.

Mgeni rasmi akasema neno moja tu, "Kumbe." Akarudisha mgongo wake kwenye kiti.

Wenye lugha yao walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nilikuwa nimelisikia tangu shule ya msingi, nikaliandika hata kwenye mtihani, nikapata vema. Pale kwenye kiti cha mbele ndipo nilipolielewa, na uso ulikuwa unawaka kama nimeinamia moto.

Mwalimu, Mungu ambariki, hakuzima muziki. Mkubwa akaushusha mguu pale ulipotakiwa kushuka, akacheza mpaka mwisho na kanga kiunoni juu ya neti yangu, na mama amesimama kando ya jukwaa na mdogo, ametulia, amemaliza kazi yake. Walipomaliza ukumbi ulisimama. Nami nilisimama nikapiga makofi.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Tulipokuwa tunatoka, mgeni rasmi alimfuata mama kumsalimu. Alimpa shikamoo yake vizuri, mama akaitikia marahaba. Kisha yule mama, sijui ni utani, sijui ni kunichoma, akasema, "Bibi, huyu fundi aliniambia hakujui." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mama akanigeukia. Alinitazama kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi moja, akaona kila kitu, nina hakika. Halafu akacheka.

Akasema, "Ni kweli mwanangu, hakunijua. Sikumwambia kama nakuja. Na kilemba hiki ni cha jirani. Halafu macho yake, masikini, cherehani imeyamaliza tangu usichana. Mtu akiwa mbali haoni."

Macho yangu! Mimi ninatunga uzi kwenye sindano umeme ukiwa umekatika. Na mama anajua. Huyu ni mwanamke ambaye nikiwa mdogo alinirudisha kwa jirani na ndizi mbili nilizookota chini ya mgomba wao, nikaziweka pale pale nilipozikuta na kuomba msamaha kwa mgomba, kwa kuwa wenyewe hawakuwepo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chakula kipo. Na siku hiyo aliusema uongo mzima, wenye kichwa na miguu, ndani ya jengo la kanisa, kwa ajili yangu. Nami nikatikisa kichwa nikaukubali. Nikasema, "Kweli kabisa, macho yananisumbua."

Alilala kwetu. Nilipika makande, akala akasifia. Akazishika sketi moja moja akauliza neti inapatikana wapi. Nilikuwa nangoja anichambe, maana mama akikasirika anajua kuchamba mpaka unakumbuka dhambi za mwaka juzi. Akaomba blanketi akalala. Asubuhi nilimsindikiza stendi, nikamkatia tiketi, nikamwambia asante kwa kuja. Asante kwa kuja, kama vile namuaga mteja.

Mkubwa alikaa siku nyingi ananijibu "ndiyo mama" na "hapana mama". Mdogo aliniuliza mara moja tu, anakunywa uji, "Mama, ulimsahau bibi?" Nikamwambia nilishtuka. Akakubali, na kukubali kwake kuliniuma kuliko kama angebisha.

Watani wetu wanatusema kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi mimi niliifungua kesi hiyo ndani ya kichwa changu. Huku nakanyaga cherehani najitetea: mwalimu alikataza, mama hakualikwa, ningesema ni mama yangu ningemwaibisha mtoto. Nashinda. Nikimaliza pindo moja naikatia rufaa mwenyewe, nashindwa. Zaidi ya mwezi nilikaa hivyo. Mwisho nikasema liwalo na liwe, napanda Suji, nitamwomba mama radhi uso kwa uso.

Tulikwenda Jumamosi mimi na wanangu. Mama alifurahi, akachinja jogoo, majirani wakaja, nikaona leo haifai. Kesho, tukitoka kanisani, tukiwa wawili.

Jumapili ile ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kanisa letu la kule ni dogo, wote tunajuana mpaka viraka vya nguo. Na pale kwetu kuna jambo ambalo mjini halionekani kwa sababu ya wingi wa watu: mtu mwenye kitu moyoni haendi mezani. Anabaki kwenye benchi. Hakuna anayemuuliza, hakuna anayemnyooshea kidole, lakini kila mtu ameona, na anajua kwamba huyo ana jambo la kumaliza kwanza. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona mama akibaki.

Mstari wetu ulipoinuka nikainuka. Haki ya Mungu sikufikiri. Miguu ilikwenda yenyewe kama ilivyozoea, na nilijua mama yuko nyuma yangu. Nikapiga magoti wa tatu kutoka kulia. Nikapokea mkate, nikapokea divai. Nilipoinuka na kugeuka, nilimwona. Benchi zima la akina mama lilikuwa tupu, yeye amekaa katikati, mikono juu ya kitabu cha nyimbo, na wanangu, ambao hawajapata kipaimara, mmoja huku na mmoja huku. Alikuwa anaimba. Kanisa zima linamwona.

Baada ya ibada nilimvuta pembeni, karibu na tangi la maji. Nikamuuliza, "Mama, unaumwa?"

Akasema, "Siumwi."

"Sasa mbona hukwenda?"

Akawatazama wasichana kwanza, halafu akaniambia kwa Chasu, polepole, bila hasira. Alisema aliongopa mbele ya mtu mkubwa, ndani ya nyumba ya Mungu. Baadaye alikwenda kwa mchungaji kutaka kutubu, akafika mlangoni akarudi, kwa sababu hawezi kulieleza lile jambo bila kunitaja mimi, na kunitaja hawezi. "Hii ni mara ya pili nabaki," akasema. "Nimezoea kidogo."

Nilikuwa bado na ladha ya divai mdomoni.

Nikamwambia, "Mama, nitamweleza mimi mchungaji."

"Lini?"

Nikageuka. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni anaagana na waumini, na usharika mzima umemzunguka, wazee, shangazi zangu, wenzangu niliosoma nao. Jumapili watu wa kwetu hawana haraka. Nikasema, "Wakipungua watu."

Mama alikaa juu ya jiwe kusubiri nami. Lakini binti yangu mkubwa, yule wa maneno machache, alikuwa amesikia. Chasu anakielewa kuliko ninavyodhani. Hakunitazama hata kidogo. Akaondoka, akapenya katikati ya watu mpaka kwa mchungaji, akampa shikamoo, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mama yangu ana neno."

Watu wakageuka. Nikatembea. Sijui nilitembeaje. Nilimsikia mama akiinuka nyuma yangu, nikajua anakuja kunisaidia, na nikaona nisipowahi atasema yeye tena. Nikasimama mbele ya mchungaji, nikanyoosha mkono kumwonyesha, nikasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Huyu ni mama yangu."

Watu wakacheka kidogo. Shangazi mmoja akauliza, "Sasa?"

"Hilo tunalijua," mchungaji akasema. "Endelea."